Borobudur: Hekalu la Mabudha Mikononi mwa Waislamu



Mwenyezi Mungu, katika Kitabu chake Kitukufu, ameamrisha si mara moja wala mbili kwamba watu watembee katika ardhi na watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Aya hizo tunazihifadhi tungali wadogo, tunazisikia katika tarawehe, na tunazitolea mawaidha juu ya mimbari. Lakini mwulize mmoja wetu hapa Dodoma ni athari gani za waliotangulia alizoziona kwa macho yake. Atakutajia Makka na Madina, ikiwa amejaaliwa kuhiji, kisha atanyamaza. Na Kolo, penye michoro ya kale majabalini, ipo hapo Kondoa, kilomita 180 hivi kutoka mjini kwetu, na barabara ni ya lami.

Habari za Kolo nitazifikia. Kwanza nataka kueleza habari za jengo lililo mbali sana nasi, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, kwa sababu huko ndiko niliko-ona jambo hili la athari za waliotangulia likiwa limetatuliwa na Waislamu wenzetu kwa namna ambayo sisi bado hatujaifikiria.

Mwaka 2024 tulikwenda Java walimu wanne kutazama pesantren, yaani vyuo vyao vya dini ambamo wanafunzi hulala na kula kwa mwalimu wao, kama vilivyokuwa vyuo vyetu vya zamani. Ipo siku tuliyopewa ya kupumzika, na wenyeji wetu wakatupangia kutembezwa katika mahekalu matatu ya kale ya Mabudha: Mendut, Pawon na Borobudur. Matatu hayo yamejengwa kama yaliyopigiwa uzi mmoja, na kutoka la kwanza hadi la mwisho ni kilomita 3 tu. Mwongozaji wetu alikuwa binti wa Kijava, amejitanda mtandio wake vizuri, aliyesoma pesantren na akijua Kiarabu cha vitabuni. Hivyo tulizungumza naye bila ya mkalimani. Mimi alikuwa akiniita Pak Kiai, ndilo jina la heshima wanalowapa masheikh wao.

Pale Mendut tu, kabla hatujafika popote, mzozo ukazuka. Ndani ya Mendut mna sanamu ya Budha ya jiwe, ameketi, urefu wake mita 3 hivi, na mbele yake palikuwa na maua na udi unaofuka. Mmoja wetu, mwalimu wa huko Kondoa, akakataa kushuka garini. Alisema:

“Sheikh, mimi nisamehe. Mtume, Swalla Llahu alayhi wa sallam, alipopita Al-Hijr katika safari ya Tabuk, penye majumba ya Thamud, alijifunika uso akaharakisha mnyama wake, na maji ya visima vyao akakataza yasinywewe. Sisi tumekuja kupiga picha.”

Hoja hii si ya kubezwa. Hadithi ni sahihi na maana yake ni nzito: mahali pa adhabu si pa kufanyia mandari. Nilimjibu kwa yale niliyoyajua. Thamud tumeambiwa na Qur'ani yenyewe kuwa waliangamizwa kwa kumkadhibisha Mtume wao Salih. Hawa wa Java nani katuambia kwamba waliangamizwa? Hawakuangamia, wajukuu zao ndio hawa waliotupokea jana kwa dhikri. Tena hata huko Al-Hijr, Mtume hakuamuru jiwe livunjwe juu ya jiwe. Majumba yale yapo mpaka leo katika nchi ya Saudia. Masanamu aliyoyavunja ni yale yaliyoizunguka Al-Kaaba, kwa kuwa ile ni Nyumba ya Mungu iliyojengwa na Ibrahim kwa ajili ya kumwabudu Yeye peke yake, na washirikina wameipora. Na Amr bin Al-As alipoifungua Misri, mwaka 641, alizikuta piramidi na sanamu kubwa yenye mwili wa simba, akaziacha zilivyo.

Mwenzetu hakusema neno. Pale Mendut alibaki garini, na Pawon vilevile. (Pawon ni dogo mno, ukubwa wa msikiti wa mtaa, na hapana haja ya kulielezea.)

Basi tukafika Borobudur. Msomaji asifikirie nyumba yenye mlango na ukumbi. Borobudur haina ndani. Ni kilima kilichovikwa mawe yaliyochongwa, msingi wake mita 120 hivi kila upande, na kimo chake mita 35. Chini kuna madaraja ya mraba, moja juu ya jingine. Juu yake madaraja matatu ya mviringo. Na juu kabisa kuba moja kubwa. Katika yale madaraja ya mviringo kuna kuba ndogo 72 zenye matundu, mfano wa matenga ya kufunikia kuku, na ndani ya kila tenga Budha ameketi. Masanamu yake yote jumla yalikuwa 504. Kuta zake zimechongwa picha 2,672. Mawe hayakuunganishwa kwa chokaa wala udongo; yamepachanishwa tu, na yalitolewa katika mito inayoteremka kutoka milima ya moto.

Waliolijenga ni wafalme wa ukoo wa Shailendra, kati ya mwisho wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9. Ili tusipotee katika hesabu hizo: ni zama za Harun Ar-Rashid kule Baghdad. Na ni wakati huohuo ambapo watu wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuwa wameanza kuswali katika msikiti wao mdogo wa miti na udongo, ambao ni mmoja wa misikiti ya kale kuliko yote iliyofukuliwa katika pwani yetu. Sisi tulikuwa na fito, wao walikuwa na mlima wa mawe. Lakini msikiti wa Shanga ulijengwa tena na tena hata ukawa wa mawe, na swala ikaendelea kwa karne nyingi. Borobudur iliachwa haijatimiza miaka 300. Wafalme walihamia mashariki ya Java, milima ya moto ikamwaga majivu, msitu ukaota juu yake.

Jambo hilo napenda lieleweke, maana wako wanaodhani kwamba Uislamu ndio uliolizika hekalu lile. Sivyo. Ufalme wa Kiislamu wa kwanza wenye nguvu katika Java, wa Demak, ulisimama mwishoni mwa karne ya 15, na wakati huo Borobudur ilikuwa imekwisha sahauliwa zamani. Na wale mawalii tisa ambao Wajava wanasema ndio waliowasilimisha hawakuingia kwa shoka. Katika mji wa Kudus upo msikiti wa mwaka 1549 ambao mnara wake umejengwa kwa matofali mekundu kwa umbo la mahekalu ya Kihindu, hata mgeni asiyejua hudhani kuwa ni hekalu. Walii wa mji ule, Sunan Kudus, aliwaomba Waislamu wasichinje ng'ombe kwa kuwastahi majirani Wahindu, na mpaka leo watu wa Kudus hula supu ya nyati wa kufugwa. Ng'ombe ni halali, wala hakuiharamisha halali. Alichunga moyo wa jirani, na jirani akaja mwenyewe msikitini.

Mwaka 1814 Raffles, Mwingereza aliyekuwa akiitawala Java kwa wakati ule, alisikia habari za jengo lililomo msituni akamtuma mtu alitazame. Watu 200 walikata miti na kufukua udongo kwa miezi miwili. Ndipo msiba halisi ulipoanza, maana kilichofichwa na msitu kwa miaka 800 kilifunuliwa kwa wezi. Vichwa vya masanamu vikawa vinakatwa na kuuzwa. Mwaka 1896 mfalme wa Siam, Chulalongkorn, alipokuja kutembea, serikali ya Kiholanzi ilimzawadia mikokoteni minane ya masanamu na mawe ya nakshi. Kati ya yale masanamu 504, zaidi ya 300 leo yana kasoro, mengi hayana vichwa, na 43 hayapo kabisa. Ni ajabu ya dunia hii: waliojigamba kuwa wamekuja kustaarabisha watu ndio waliokuwa wakigawa mali isiyokuwa yao.

Kulipanda siku hizi kuna masharti. Mwaka ule wa 2024 walikuwa watu 1,200 tu kwa siku, tena pamoja na mwongozaji, na kila mmoja huvalishwa makubadhi maalumu yaliyosukwa kwa majani makavu mfano wa ukindu wetu, ili viatu visiyasage mawe. Nilifurahi kuona ukili umefanywa ulinzi wa jengo kubwa hivyo. Mwenzetu wa Kondoa alifikishwa mpaka chini ya ngazi, akayatazama yale makubadhi, akauliza yanasukwa na nani. Binti akamjibu kuwa yanasukwa na kina mama wa vijiji vya jirani, nao ni Waislamu. “Wanalipwa?” Akasema wanalipwa. Akayavaa.

Tukiwa chini, binti alituonyesha pembe moja ya msingi ambapo mawe yameondolewa. Hapo ndipo penye jambo lililonishughulisha kuliko mengine yote. Mwaka 1885 iligunduliwa kwamba nyuma ya ukuta wa chini kuna ukuta mwingine uliozibwa na wajenzi wenyewe, pengine ili mlima usiporomoke, na juu yake zimechongwa picha 160 za matendo na malipo. Msengenyaji na malipo yake. Muuaji na malipo yake. Watu wanapika samaki na kobe katika chungu, kisha watu haohao nao wanachemshwa katika chungu. Picha moja ina watu wenye nyuso mbaya, na juu yake mwandishi wa zamani ameacha neno moja kumwelekeza mchongaji: “wabaya wa sura”. Hakuna ajuaye kwa nini neno lile halikufutwa kazi ilipokwisha.

Mwalimu wetu wa Kondoa aliinama akaitazama ile picha ya chungu kwa muda mrefu. Akaniambia kwa Kiswahili, ili binti asisikie: “Sheikh, hawa nao walikuwa wanawatisha watoto wao kama tunavyowatisha sisi.” Sikumrekebisha. Tofauti ipo, tena kubwa: wao hawamtaji Mola aliye Mmoja, mwenye kulipa na mwenye kusamehe. Lakini aliyesoma vitabu vyetu vya zamani hatashangaa. Ash-Shahrastani, katika kitabu chake cha Al-Milal wan-Nihal, karne ya 12, aliwaeleza Mabudha kwa upole, akasema kama hayo wayasemayo ni kweli basi aliyekaribiana zaidi na huyo Budha wao ni Al-Khidhr. Na kisa cha mwana wa mfalme aliyetoka katika kasri baada ya kuona uzee, maradhi na mauti kilikuwa kikisomwa kwa Kiarabu huko Iraq zamani sana, kwa jina la Bilawhar na Budhasaf. Wanavyuoni wale hawakuogopa kujua. Imani yao ilikuwa ina mizizi.

Kwenye daraja la juu kidogo kuna picha nyingine itakayompendeza mtu wa pwani. Ni jahazi lenye tanga, na ubavuni mwake limefungwa matengo, sawa na ngalawa zetu za Bagamoyo na Unguja. Wataalamu wengi husema kwamba ngalawa ilitufikia kutoka visiwa vile, pamoja na migomba. Na lugha ya Bukini, yaani Madagascar, ni ndugu wa lugha za Borneo. Mwaka 2003 walitengeneza jahazi kwa kuifuata picha ile, wakaliita Samudra Raksa, wakaondoka Jakarta, wakaipita Bukini na Rasi ya Tumaini Jema, na mwanzoni mwa mwaka 2004 wakatia nanga Ghana. Sasa limewekwa katika makumbusho hapohapo Borobudur. Mimi ni mtu wa bara, bahari siijui, lakini ndizi naijua.

Kule juu kwenye matenga yenyewe kulikuwa na desturi ya wageni kupenyeza mkono katika tundu ili waiguse sanamu, wapate bahati. Sasa imepigwa marufuku, kwa sababu jiwe linalika. Nilimwuliza yule binti kama yeye binafsi anaichukiaje desturi hiyo. Akasema: “Pak Kiai, serikali inaikataza kwa ajili ya jiwe. Mimi naikataza kwa ajili yao.” Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka vijiji vya chini, akatuomba ruhusa, tukateremka sote tukaswali.

Sitaki msomaji adhani huko mambo ni shwari tu. Usiku wa tarehe 21 Januari 1985, miaka miwili tu baada ya kukamilika kazi kubwa ya kulitengeneza hekalu iliyoanza mwaka 1973, kazi iliyoondoa na kurudisha mawe zaidi ya milioni moja, mabomu tisa yalilipuka kule juu na kuvunja kuba tisa. Mwaka 1991 mhubiri mmoja kipofu alihukumiwa kifungo cha maisha kwa ajili ya tendo hilo, na mwaka 1999 akaachiliwa. Waliozijenga upya zile kuba ni mafundi wa Kijava, Waislamu.

Na yaliyotokea Bamiyan, nchini Afghanistan, yanajulikana zaidi. Masanamu mawili ya Budha, moja la mita 38 na jingine la mita 55, yaliyochongwa katika jabali kiasi cha karne ya 6, yaliishi chini ya tawala za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,000. Wenyeji Waislamu waliyapa majina yao wenyewe, Salsal na Shahmama, wakayasimulia kama ngano. Mwaka 1999 watawala wa Kabul walitoa amri yalindwe, kwani hapakuwa tena na anayeyaabudu katika nchi ile. Mwezi Machi 2001 wakayalipua. Ujumbe wa wanavyuoni, pamoja na Sheikh Yusuf Al-Qaradawi na Mufti wa Misri, ulikwenda Kandahar kuwasihi. Haukusikilizwa. Wale waliokwenda kusihi hawakuwa watu wa kupenda masanamu. Walikuwa wamejiuliza swali ambalo nami najiuliza: je, masahaba na matabiina, na makhalifa wote waliopita, walikuwa na tawhidi pungufu kuliko yetu?

Sasa nije Kolo. Majabali ya Kondoa yenye michoro ni zaidi ya 150, na mwaka 2006 yaliingizwa katika Urithi wa Dunia, kama Borobudur ilivyoingizwa mwaka 1991. Iliyo mingi ni ya rangi nyekundu: watu warefu wembamba wenye vichwa kama vilivyofungwa matawi, twiga, pofu, ndovu. Wachoraji walikuwa wawindaji, na wengi huwahusisha na jamaa wa Wasandawe, majirani zetu wa Kwa Mtoro na Farkwa. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na mwaka 1983 akaitolea kitabu, kwani aliona inatoweka.

Inatoweka kwa mikono ya nani? Wako wanaochimba chini ya majabali wakitafuta mali ati ya Wajerumani, wakatifua udongo ambao wataalamu wangeweza kuusoma kama tunavyosoma kitabu. Wako wanaoandika majina yao juu ya twiga. Wako wanaokwenda kutambika penye pango la Mungomi na kuurushia ukuta pombe ya mtama. Nyua za miti na waya zilizowekwa zamani kuikinga michoro ziling'olewa, watu wakajengea maboma. Na kubwa kuliko yote, wapo vijana wetu wenye kanzu, niliowasikia kwa masikio yangu, wasemao kwamba kuikwangua ni thawabu.

Mimi siyasemi haya kuhalalisha tambiko. Mwenye kuomba mvua na amwombe Aliyeiumba, na sala ya istisqaa tumefundishwa. Lakini mchoro haukumtuma mtu kumimina pombe. Aliyemchora twiga yule hatumjui, hakufikiwa na Mtume tunayemjua habari zake, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Kumfutia kazi yake ya pekee iliyobaki duniani ni dhuluma ambayo sioni dalili yake katika fiqhi ya dhehebu lolote nililolisoma. Na sisi wa Kondoa na Dodoma ndio tutakaoulizwa, maana majabali yamo katika mashamba yetu.

Tuliporejea, yule mwalimu mwenzangu alikwenda ofisi ya mambo ya kale pale Kolo kuuliza utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi. Mwezi wa pili yake aliwapeleka watoto wa madrasa 31, pamoja na walimu wawili wa kike, na mlinzi wa pale akawapandisha mlimani. Njia ni ya mawe na ina miba; watoto walipumzika mara mbili. Juu, mlinzi aliwakataza kushika ukuta, na kuumwagia maji ili rangi ing'ae, kama wafanyavyo wapiga picha. Mtoto mmoja akauliza ni nani aliyewachora watu wale wembamba, na mbona hawana nyuso. Mwalimu akamwambia aketi, amweleze anayoyajua.